MDUDU MWENYE MIJELEDI: ANATISHA KWA SURA, LAKINI HANA SUMU
Mfahamu, mtofautishe na nge, na ujue la kufanya mtu akiumwa



Huenda umewahi kuingia chooni usiku, ukamulika ukuta kwa tochi, ukaona mdudu bapa wa rangi ya kahawia au nyeusi, miguu imetanda kama kiganja cha mtu mzima, na mbele ana mikono miwili yenye miiba. Ukisogea, anakimbia kwa ubavu kama kaa na kupotea ndani ya ufa. Wengi wakimwona hupiga kelele, hurudi nyumbani, na usiku huo hawarudi tena chooni.

Wahamasishaji wa afya huulizwa mara kwa mara: mdudu huyu ni nge? Ana sumu? Tumwue? Katika toleo hili tunaeleza mdudu huyu ni nani, anaishi vipi, na kwa nini si hatari kwako. Kisha tutaeleza habari za nge wa kweli, kwa sababu huyo ndiye wa kuogopwa, hasa kwa watoto wadogo.

JINA LAKE NA UKOO WAKE

Mdudu huyu hana jina moja la Kiswahili linalojulikana na wote. Kila kabila lina lake, na wengine humwita tu "nge" au "buibui mbaya". Wataalamu humweka katika kundi moja na buibui, nge, kupe na utitiri, yaani wadudu wenye miguu minane. Ndani ya kundi hilo yeye ana ukoo wake: si buibui wala si nge. Sisi hapa tutamwita nge-mjeledi, kwa sababu ya miguu yake miwili ya mbele, ambayo ni mirefu na myembamba kama mijeledi.

Duniani kuna aina zaidi ya 200 za nge-mjeledi wasio na mkia. Wanaishi katika nchi za joto za Afrika, Asia na Amerika. Katika eneo letu wanaojulikana zaidi ni wa jamii ya Damon. Damon diadema anapatikana Kenya na Tanzania. Damon variegatus anapatikana Kongo na Tanzania, hadi Zimbabwe na Afrika Kusini. Kwa hiyo mdudu huyu hakuletwa na kambi. Wengi wetu tulikuwa naye nyumbani tulikotoka, kwenye magome ya miti, mapango na vichuguu, ila hatukuwa tunamwona sana. Ni wa zamani sana: mabaki yake yamekutwa ndani ya mawe yenye umri wa miaka milioni 300 hivi.

Wako pia ndugu zake wenye mkia mwembamba kama uzi. Hao wanaishi zaidi Asia na Amerika. Katika Afrika nzima inajulikana aina moja tu, nayo iko Afrika ya Magharibi, upande wa Senegal, Gambia na Guinea-Bissau. Wakiudhiwa hurusha maji makali yenye harufu ya siki kutoka nyuma. Aina tulizo nazo huku hazina mkia na hazirushi chochote.

MWILI WAKE

Mwili wenyewe ni mdogo, sentimita 3 hivi. Kinachomfanya aonekane mkubwa ni miguu. Umbo lake bapa linamwezesha kupenya katika nyufa za ukuta wa udongo, chini ya gome la mti, au kati ya shitingi na miti ya nyumba.

Ana miguu minane, lakini anatembelea sita tu. Miwili ya mbele, ile mijeledi, haikanyagi chini. Anaitumia kupapasa na kunusa, kama kipofu anavyotumia fimbo yake. Macho anayo, lakini hayamsaidii sana gizani. Akikugusa kwa mjeledi, hakupigi wala hakuchomi. Anajaribu kujua wewe ni kitu gani, na akishajua hukimbia.

Mbele ya mdomo ana mikono miwili yenye miiba, ambayo huikunja kama vuvumbi. Hiyo ndiyo silaha yake ya kukamatia chakula. Mtu akimshika kwa nguvu, miiba hiyo inaweza kumkwaruza au kumchoma kidogo, kama mwiba wa mti. Hapo hakuna sumu. Hana mwiba wa mkia kama nge, na hana meno ya sumu kama buibui. Hata utando hawezi kufuma.

ANAKULA NINI?

Mchana hujificha. Giza likiingia hutoka, husimama kimya ukutani, na kuzungusha mijeledi yake taratibu. Mende, nyenje, nondo au kumbikumbi akipita karibu, anampapasa kwanza kwa mjeledi, kisha ghafla anafungua mikono na kumkumbatia kwa miiba. Baadaye anamtafuna na kunyonya maji ya mwili wake.

Sasa utaelewa kwa nini anapenda choo. Hatafuti mtu. Chooni kuna mende wengi, kuna unyevu, kuna giza, na ukuta una nyufa. Mende wanaotoka shimoni hubeba uchafu kwa miguu yao na kuupeleka kwenye sahani na chakula chetu. Kila mende anayeliwa na nge-mjeledi ni mende mmoja asiyefika jikoni kwako.

ANAVYOZAA NA KULEA

Dume na jike wakikutana, hupapasana kwa mijeledi muda mrefu. Kisha dume huweka kifuko cha mbegu ardhini na kumwongoza jike akichukue. Jike hutaga mayai, mara nyingi makumi kadhaa, na kuyabeba ndani ya mfuko chini ya tumbo lake kwa miezi mitatu hivi. Wakati huo hukimbia taratibu na hujificha zaidi.

Mayai yakipasuka, watoto weupe hupanda mgongoni kwa mama na kukaa hapo siku kadhaa, mpaka wajivue ngozi ya kwanza. Anayeanguka mapema huwa hana bahati. Wakishajivua, hushuka na kuanza kuwinda.

Wataalamu wa Marekani waliochunguza Damon diadema waliandika mwaka 2006 jambo lililowashangaza. Mama huendelea kukaa pamoja na watoto wake hata baada ya kushuka mgongoni, na huwapapasa kwa mijeledi yake, nao humpapasa na kupapasana wenyewe. Wakitawanywa na kuwekwa mahali pageni, hutafutana na kukusanyika tena. Kwa wadudu wa kundi hili, ambao wengi huishi peke yao na hata kulana, hilo ni jambo la nadra.

Nge-mjeledi hukua polepole na huishi miaka kadhaa. Ili akue, hujining'iniza kichwa chini na kujivua ngozi yote. Anayetoka huwa mweupe na laini, kisha anakuwa mweusi tena. Ukikuta umbo lake tupu limening'inia ukutani, usidhani ni maajabu: hiyo ni ngozi ya zamani. Mguu uliokatika nao huota tena kidogo kidogo anapojivua.

USIMCHANGANYE NA NGE

Hapa ndugu msomaji tunaomba usome kwa makini, maana kosa linaweza kuwa la upande wowote. Anayemwogopa nge-mjeledi anapoteza usingizi bure. Lakini anayemdharau nge akidhani ni nge-mjeledi anaweza kupoteza mtoto.

NGE WA KWELI:
- Ana mkia wenye pingili, anaoubeba umejikunja juu ya mgongo, na kwenye ncha kuna mwiba.
- Mikono yake ina koleo kama za kaa.
- Hutembea kwa miguu minane, mara nyingi chini: kwenye kuni, mawe, matofali, viatu na nguo zilizolala sakafuni.
- Ana sumu.

NGE-MJELEDI:
- Hana mkia.
- Mikono yake ina miiba mingi na hukunjwa mbele ya uso.
- Ana mijeledi miwili mirefu myembamba.
- Mara nyingi yuko ukutani, na hukimbia kwa ubavu.
- Hana sumu.

Kanuni fupi ya kuwafundisha watoto ni hii: mkia uliojikunja ni hatari, kaa mbali na umwite mkubwa. Usimfundishe mtoto kumshika mdudu yeyote kati ya hawa, kwa sababu gizani hata mtu mzima anaweza kukosea.

MTU AKIUMWA NA NGE

Duniani kuna aina zaidi ya 2,000 za nge, na wenye sumu ya kuweza kuua ni wachache. Mara nyingi nge mwenye mkia mnene na koleo nyembamba huwa na sumu kali kuliko mwenye koleo nene na mkia mwembamba. Hata hivyo usitumie alama hiyo kuamua kubaki nyumbani. Mtu mzima kwa kawaida hupata maumivu makali na ganzi kwa saa kadhaa, kisha hupona. Mtoto mdogo ana mwili mdogo, kwa hiyo sumu ile ile humzidi nguvu haraka.

Fanya hivi:
1. Mtulize mgonjwa na umweke mahali salama. Mwondoe nge pale karibu, asiume mtu wa pili.
2. Osha sehemu iliyoumwa kwa maji safi na sabuni.
3. Vua pete, bangili au kamba iliyo karibu, kabla hapajavimba.
4. Weka kitambaa kilicholowa maji baridi juu ya jeraha.
5. Mpe parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Usimpe mtoto aspirini.
6. Mtoto yeyote, mama mjamzito, mzee au mtu mwenye ugonjwa wa moyo apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama bado anaonekana mzima.

Usifanye hivi:
- Usichanje kwa wembe. Wembe hautoi sumu. Unaongeza jeraha, na wembe uliotumika unaweza kuleta virusi vya UKIMWI, homa ya ini na pepopunda.
- Usinyonye jeraha kwa mdomo.
- Usifunge kamba kwa nguvu. Sumu haizuiliki, na mguu au mkono unaweza kuoza.
- Usipake mafuta ya taa, maji ya betri wala kinyesi cha mnyama.
- Usipoteze muda kwa jiwe jeusi. Jiwe hilo hushikamana na damu ya jeraha, ndiyo maana linaonekana kama linavuta, lakini halitoi sumu mwilini.

Dalili za hatari: jasho jingi, mate yanayotiririka, kutapika, macho yanayozunguka bila mpangilio, misuli inayorukaruka, mtoto kulia na kutupatupa mikono na miguu bila kutulia, moyo kwenda mbio, kushindwa kumeza, kupumua kwa shida, au degedege. Ukiona hata moja, usisubiri kupambazuke. Mwombe jirani msaada, mwarifu kiongozi wa bloku au mhamasishaji wa afya, na mgonjwa abebwe usiku huo huo. Mwambie muuguzi aliumwa saa ngapi. Kama nge ameuawa unaweza kumleta ndani ya kopo lenye kifuniko, lakini usipoteze muda kumtafuta.

MASWALI YANAYOULIZWA

Nge-mjeledi akinitembelea mwilini nikiwa nimelala, nitaugua?
Hapana. Hana sumu na hanyonyi damu ya watu. Mpanguse taratibu kwa kitambaa. Kama amekukwaruza, osha kwa sabuni kama unavyoosha mkwaruzo wowote.

Niliamka na malengelenge shingoni, yanawaka kama moto. Watu wanasema mdudu wa ukutani amenikojolea.
Nge-mjeledi hafanyi hivyo. Malengelenge ya namna hiyo, mara nyingi yenye umbo la mstari na hasa wakati wa mvua, yanaweza kusababishwa na mdudu Nairobi. Huyu ni mdogo, mwembamba, mwenye rangi nyekundu na nyeusi, na hufuata taa usiku. Haumi, maji ya mwili wake ndiyo yanayounguza ukimponda juu ya ngozi. Akikutua, mpulize aondoke, usimponde. Ukishamponda, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi, na usiguse macho. Malengelenge yakiingia jichoni, au yakitoa usaha, nenda kituo cha afya.

Nina jipu linalooza mguuni, na juzi nilimwona mdudu huyu ndani. Ni yeye?
Si yeye. Majipu na vidonda vingi huletwa na vijidudu vinavyoingia kwenye ngozi iliyokwaruzika. Ukikaa nyumbani ukimlaumu mdudu, kidonda kinakua. Njoo kitibiwe.

Wengine wanasema mdudu huyu hutumwa na jirani.
Ndugu, tumeeleza hapo juu anachofuata: mende, unyevu na nyufa. Anaingia nyumba ya tajiri na ya maskini, ya mwenyeji na ya mgeni. Wapo wazee, hasa kina mama wajane, ambao wamewahi kupigwa na kufukuzwa kwa maneno ya aina hii. Asilaumiwe mtu kwa sababu ya mdudu. Ukisikia mtu anatishwa kwa jambo hilo, toa taarifa kwa kiongozi wa bloku au ofisi inayoshughulikia ulinzi wa wakimbizi.

Ninunue dawa ya kupuliza?
Hapana. Dawa za shambani zinazouzwa sokoni kwa vichupa visivyo na maandishi zimetengenezwa kwa mazao, si kwa chumba wanacholala watoto. Zinaweza kumdhuru mtoto vibaya kuliko huyo mdudu. Usimwage petroli wala mafuta ya taa, na usiwashe moto kumfukuza ukutani au chooni. Nyumba zetu ni za shitingi, miti na nyasi, na zimebanana. Moto wa nyumba moja haubaki nyumba moja.

JINSI YA KUISHI BILA HOFU

Mambo haya yanapunguza nge-mjeledi, nge, nyoka na mende kwa pamoja, na hayahitaji fedha nyingi:

- Ziba nyufa za ukuta kwa udongo, hasa chini na pembeni mwa mlango.
- Weka kuni, matofali na mawe mbali na nyumba. Unapochukua kuni, zigeuze kwanza kwa fimbo. Usitie mkono mahali usipopaona.
- Kung'uta viatu, nguo na blanketi kabla ya kuvitumia. Wafundishe watoto kufanya hivyo kila asubuhi.
- Lala ndani ya chandarua, na pindo zake uzikunje chini ya mkeka au godoro. Chandarua kinazuia mbu wa malaria na pia wadudu wanaotambaa.
- Funika chakula, osha vyombo jioni, na tupa taka kwenye shimo. Mende wakikosa chakula, wanaowawinda nao huhama.
- Vaa viatu na beba tochi unapotoka usiku.
- Funika tundu la choo kwa kifuniko, safisha sakafu, na ziba nyufa za ukuta wake.

Ukimkuta nge-mjeledi ndani na hutaki alale nawe, huhitaji kumwua. Mfunike kwa kopo, pitisha kipande cha katoni chini yake, na umpeleke kwenye mawe au miti mbali na nyumba. Ukishindwa, msukume nje kwa ufagio. Mpeleke mbali kweli, kwa sababu wadudu hawa wana uwezo wa kurudi kwao gizani: wale waliochunguzwa Amerika ya Kati walihamishwa mita kadhaa kutoka kwenye mti wao, na wengi walirudi, wakiongozwa na harufu wanayoinusa kwa mijeledi.

NENO LA MWISHO: TUSIKIKIMBIE CHOO

Kuna jambo moja linalotufanya tuandike habari hizi kwa urefu. Mtu anayeogopa mdudu wa chooni hujisaidia nyuma ya nyumba au kwenye majani. Mama anayeogopa humwambia mtoto ajisaidie kwenye mfuko na kuutupa. Mvua ikinyesha, uchafu ule hutiririka hadi kwenye maji ya kunywa. Mdudu aliyekimbiwa hakumwua mtu yeyote. Kipindupindu na kuhara huua, na katika kambi yenye watu waliobanana, maradhi hayo hayachagui aliyeanza.

Kwa hiyo, kabla ya kuingia chooni usiku, mulika ukuta, gonga mlango mara mbili kwa fimbo, na mpe nafasi ajifiche. Yeye anakuogopa zaidi kuliko wewe unavyomwogopa. Msindikize mtoto wako, mwonyeshe mdudu huyo kwa mbali, na umweleze tofauti yake na nge. Mkitoka, oshani mikono kwa sabuni au majivu.

Na kama nge wa kweli amemwuma mtu wa nyumbani kwako, kumbuka: osha, mtulize, usichanje, usifunge kamba, na mlete. Huhitaji kulipa chochote ili mtoto aliyeumwa atazamwe katika kituo cha afya cha kambi. Usiku ukifika umekuta mlango umefungwa, bisha hodi kwa mlinzi, naye atamwita mhudumu wa zamu.

Tafadhali msomee habari hizi jirani asiyejua kusoma.